Salamu Zilizopungua Mtu Mmoja

Nairobi, 4 Septemba 2023

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba joto la Juba limekuachia walau hewa ya kusomea. Sisi huku tuko salama. Mama goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayekwenda Kisii kumvunia mahindi. Ndugu yetu Lako alipita hapa kutoka Nakuru, akala, akalala, akaondoka na chaja yangu. Anakusalimu.

Najua ulishasema simu ni ya habari na karatasi ni ya maneno. Basi haya ni maneno.

Bendi yetu, Roshani, imefikisha nyimbo tano. Tano tu kwa miaka minne, kwa sababu wimbo wetu mmoja ni mrefu kama ibada fupi, na katikati mapigo yanabadilika mara nyingi hadi Omondi, anayepiga dramu, hukaa na karatasi mbele yake kama mhasibu. Hiyo ndiyo roki tunayoipenda. Hakuna kampuni inayotusimamia, wala hatuitaki. Lakini studio lazima ilipwe, na mahali tunapoalikwa kupiga hutulipa soda. Kwa hiyo tumeamua jambo ambalo naona haya hata kuliandika: tutatoa wimbo wa Krismasi. Tutauuza mtandaoni, na kitakachopatikana kitalipia kurekodi albamu. Sisi hawa hawa tuliokuwa tukiwacheka wanamuziki wanaovaa kofia nyekundu kila Desemba! Cyrus, mpiga gitaa, alikataa wiki nzima. Sasa yeye ndiye anayezunguka mjini kutafuta njuga.

Nisingependa uwe wimbo wa uongo. Nikakumbuka asubuhi za Krismasi nyumbani kwako Nakuru, kabla ya chakula. Ulikuwa unasimama na kuwasalimu watoto wote wa ukoo kwa majina, kuanzia mkubwa hadi mdogo, ukitaja kila mmoja yuko wapi. Hata aliyekaa mbele yako na mate ya pilau mdomoni ulimsalimu kama mtu aliye safarini. Naomba sauti hiyo, Baba Mkubwa. Zisome zile salamu, mtu akurekodi kwa simu yake, anitumie. Sisi tutajenga muziki juu yake.

Ukikataa nitaelewa. Lakini usikatae.

Mwanao,
Kiden


Juba, 1 Oktoba 2023

Mwanangu Kiden,

Marahaba. Dereva wa basi aliniletea barua yako mwenyewe, ikinuka dizeli, kona moja imelowa. Nimefurahi kwamba mama yako bado ana ukali wake. Goti litapona likichoka kubishana naye. Lako mwambie chaja si mali ya ukoo.

Mimi ni mzima. Mvua zimekuwa nyingi, na barabara ya hapa Malakia ni tope ambalo watu wanaoheshimiana hulivuka wakiwa wameshika viatu mkononi. Asubuhi nasahihisha maandishi ya mashirika, Kiingereza cha watu walio na haraka. Jioni nasoma. Nilikuwa mkimbizi Uganda, nikawa mwalimu mgeni Nakuru, na sasa, katika mji mkuu wa nchi yangu, ninaitwa mtu aliyehama kwao, kwa kuwa kutoka kijijini kwetu Kajo-Keji hadi hapa nilikuja na begi moja kama wenzangu wote. Nimezoea neno lenyewe. Kitanda cha kupanga ndicho sijakizoea.

Bendi yako naikumbuka. Ulinisikilizisha wimbo mmoja, nikangoja kwa adabu, kisha nikakuuliza, "Mtaanza lini?" Ukanijibu kwamba mko karibu kumaliza. Sikucheka siku ile, lakini nimecheka mara nyingi tangu hapo.

Ombi lako nimelitimiza. Hapa ua mmoja na mimi yupo dada Mkenya anayeitwa Cate, anafanya kazi benki, na chumba chake kiko mbali kidogo na jenereta la jirani. Nilisimama, kwa kuwa salamu zile sijui kuzisoma nikiwa nimekaa. Nilipoanza, Cate akanikatiza.

"Mwalimu, mbona unasoma kama matokeo ya mtihani? Hao ni watoto wako ama ni watahiniwa?"

"Nifanyeje?"

"Soma kana kwamba watakujibu."

Nikasoma tena, kuanzia Lado aliye Arua hadi wewe uliye Nairobi. Cate akaniuliza, "Ni hao tu?" Nikamwambia ni hao, atume.

Nina sharti moja. Majina myaache kama nilivyoyasoma. Msiongeze, msipunguze.

Baba yako mkubwa,
Wani


Nairobi, 6 Novemba 2023

Baba Mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha ambayo Mama anasema inanipotezea heshima. Leo asubuhi nilikuwa nacheza peke yangu jikoni. Mama amekwenda Kisii na kurudi, mahindi yamevunwa, goti sasa limehamia mguu wa pili. Florence alipiga simu kutoka Kampala, anasema mtoto wake ameota meno na anauma kila mtu.

Sasa sikia. Tulikaa na sauti yako siku tatu hatujui la kuifanya. Cyrus aliweka gitaa chini yake, ikawa kama tangazo la maziwa. Trevor wa kinanda akaweka sauti za fidla za huzuni, ikawa kama taarifa ya msiba. Ndipo Omondi akasema, "Hebu zimeni vyombo vyote. Mzee anahesabu." Akaanza kugonga meza kwa kidole, jina moja pigo moja. Lado, Keji, Florence, Lako, Duku, Jua, Kiden. Saba. Kisha unarudi mwanzo na miji: Arua, Adjumani, Kampala, hadi Nairobi. Saba tena. Baba Mkubwa, umetupa wimbo wa mapigo saba! Hakuna wimbo wa Krismasi unaotembea hivyo. Kila mtu anayeusikia anataka kupiga makofi, na kila mara anafika mapema au anachelewa, anacheka, anajaribu tena.

Omondi anasema yangekuwa majina manane tungepata wimbo wa kawaida kama wa kwaya yoyote, na tungeutupa.

Tutautoa tarehe mosi Desemba. Unaitwa "Salamu kutoka Malakia". Sauti yako haikuguswa, kama ulivyoagiza, isipokuwa jenereta tumelipunguza.

Na Kaka Yangi hajambo? Bado yuko kikosini Bilpam? Mko mji mmoja, msalimie kwa niaba yangu.

Wako,
Kiden


Juba, 28 Novemba 2023

Mwanangu,

Barua hii itachelewa. Wanasema magari yamezuiwa njia ya Nimule, mpakani, na hakuna anayejua hadi lini. Nimefurahi kuhusu meno ya mtoto na kusikitika kuhusu goti. Mimi nina mafua. Mvua zimekwisha na vumbi limechukua zamu yake.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuhesabu bila kukusudia na wengine wakaita muziki. Omondi ni kijana makini. Mwambie nimemsalimu.

Swali lako la mwisho nimelisoma.

Wani


Nairobi, 17 Desemba 2023

Baba Mkubwa,

Naanza na salamu ingawa mkono unataka kukimbilia mengine. Mama hajambo. Mimi sijambo. Mafua yako yameisha? Simu zangu hushiki. Cate ananiambia unaiona ikilia na unaigeuza uso chini.

Wimbo umetoka na umetushinda mbio. Mwanzoni waliununua marafiki zetu. Kisha Wasudani Kusini wa huku Nairobi, kisha Kampala, kisha watu wa kambi za wakimbizi, wanaurushiana kwa simu, wanaandika majina ya watu wao chini yake: fulani yuko Khartoum, fulani yuko Melbourne, fulani hatujui aliko. Nimesoma majina hayo hadi macho yakauma. Pesa zimetosha. Tumeshika studio kwa Februari, tumelipa ya kutangulia, nyimbo zote tano, ndefu kama zilivyo. Cyrus alilia na akasema ni vumbi.

Lakini Ijumaa tuliitwa redioni. Mtangazaji akaniuliza, "Na hao saba ndio ukoo mzima?" Nikasema ndiyo. Nililisema haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajaona ndani.

Kwa hiyo nauliza kwa wino, ili usigeuze uso wa karatasi chini. Kwa nini Yangi hayumo? Ni mwanao wa kuzaa, wa tatu kwa watoto wote wa ukoo. Nakumbuka jina lake lilikuja baada ya Keji, na yeye alikuwa akiitika "Naam!" kwa nguvu hadi unapoteza mstari.

Nijibu, tafadhali.

Kiden


Juba, 31 Desemba 2023

Mwanangu Kiden,

Nakutakia mwaka mwema, wewe na mama yako na vijana wa Roshani. Afya ninayo. Salamu zangu zinakomea hapo, sina habari nyingine za nyumbani ila hii moja.

Aprili mwaka jana tulimzika shangazi yako Kaku. Msiba uliwekwa hapa uani. Waliokuja karibu wote ni watu wa kijiji chetu, waliokimbia watu wenye bunduki, na ambao mpaka leo hawataki kujua bunduki ilikuwa ya upande gani. Watu wamekaa kwenye mikeka, chai imeanza kugawiwa, Yangi akaingia na magwanda yake, bunduki begani. Ilitosha. Kina mama walibeba watoto wakapitia nyuma ya choo. Mzee mmoja aliruka ukuta, mtu ambaye hutembea na mkongojo. Mikeka ikabaki na vikombe.

Nilisimama nikamwambia mbele ya waliobaki, "Toka. Hapa hatuna mtu wa namna yako."

Akasema, "Baba, nimetoka lindoni. Wamenipa saa mbili tu, na bunduki siruhusiwi kuiacha."

Nikarudia maneno yangu. Akaondoka bila kuliona kaburi. Sijasema naye tangu siku hiyo, na kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa boda ambao hata mwanafunzi anaweza kuulipia. Krismasi ya mwaka jana nilisema koo linauma, salamu sikuzisoma kabisa. Mwaka huu uliponiomba, nilifika kwenye jina lake nikaliruka. Nilidhani watakaosikia ni wageni wa Nairobi ambao hawatajua.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukuwahi kuambiwa. Kwa watu wa kijiji chetu, salamu za Krismasi haziruki mtu aliye hai. Mkikosana unamsalimu hivyo hivyo, labda kwa sauti ya chini. Anayerukwa ni aliyefariki mwaka ule, na majirani wakisikia jina halikutajwa huja na sukari na majani ya chai bila kuitwa. Hilo nilikuwa nalijua nilipokuwa nikisoma.

Wimbo wako ulifika hapa kabla ya Krismasi. Nilikuwa soko la Custom nikinunua vitunguu, muuza kadi za simu ameufungulia hadi spika inakwaruza. Kijana wa boda akanigeukia, "Mzee, huyu mtu anaongea kama wewe!" Nikamwambia, "Si mimi." Akasema, "Basi ni ndugu yako, mwambie ametupotezea makofi."

Mchana wa Krismasi alikuja Mama Poni. Unamkumbuka, aliwahi kuwalea Lado na Keji tulipokuwa Uganda. Amebeba pakiti ya sukari ndani ya kanga.

"Mwalimu," akasema, "mimi nasikia kwa simu ya mjukuu. Mimi nasema hapana, mashine imekosea. Tunarudia. Keji iko, halafu Florence. Mimi nasema, Mungu, Yangi yetu!"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na mdomo na pumzi. Lakini kumwambia Yangi yu hai kungekuwa kumwambia kwamba nilimruka nikijua, na Mama Poni ndiye aliyemwogesha siku aliyozaliwa. Nikanyamaza. Akavua ndala, akaketi chini, akaanza kulia. Wakaja wengine. Meza ikajaa sukari. Wale wale walioruka ukuta kwa kumwogopa walikuwa wamekaa kwangu wakimlilia, wakisema alikuwa mtoto mwenye adabu. Mtu akaniuliza amezikwa wapi. Nami, Kiden, nilijibu. Nilisema wanajeshi wenzake wanajua.

Walilala hapa. Kesho yake asubuhi alifika Yar, mke wa Yangi, mtoto mgongoni. Wauza chai wa barabarani walimwambia kuna matanga kwa mkwe wake. Alisimama langoni akatazama mikeka.

"Mzee, mume wangu yuko kazini," akasema. "Asubuhi amekula mkate wa kisra, amelalamika chumvi. Ninyi mnamlilia nani?"

Watu wote walinigeukia mimi. Hawakumtazama yeye hata kidogo. Nami niliingia chumbani nikafunga mlango, nikakaa kitandani kama mtoto aliyevunja chungu. Sijui nani aliwaambia waende. Nadhani ni Cate.

Sukari bado iko mezani. Sijaigusa.

Wani


Nairobi, 19 Januari 2024

Baba Mkubwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na Mama akanisomea tena nikiwa nimekaa. Amesema tu, "Mwambie ale." Kwa hiyo, kula.

Nami nina langu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Omondi alipogonga meza saba, mimi nilihesabu nane kichwani na nikasikia shimo pale baada ya Keji. Nilikuwa na sharti lako la kunisaidia: msiongeze, msipunguze. Nikajificha nyuma yake. Ukweli ni kwamba saba ilikuwa nzuri mno, na nilijua nikisema tungeipoteza. Ndiyo maana nilikuuliza hali ya Yangi mwishoni mwa barua, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho keshakitia mfukoni.

Nimewaambia wenzangu yote. Trevor alitoka nje. Omondi aliviweka vijiti vyake chini. Cyrus akasema, "Yaani tumelipia studio kwa kumkosa mtu." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma.

Studio inatungoja tarehe ishirini na sita Februari. Tunaweza kuuondoa wimbo na kurudisha tunachoweza, na albamu ife. Tunaweza kukurekodi upya na majina manane, na wimbo uwe mwingine. Tunaweza pia kuuacha. Tumebishana hadi usiku wa manane, na mwisho tukaona hili si la bendi kuamua, wala si la kwako. Mwenye kuamua ni mmoja.

Muulize Yangi. Usimtume Cate, wala usiandike. Nenda.

Nakuheshimu, na ndiyo sababu nimeandika hivi.

Kiden


Juba, 13 Februari 2024

Mwanangu Kiden,

Mwambie mama yako nakula. Cate ananiletea ugali na sukuma wiki, anasimama mlangoni hadi nimalize, na anahesabu matonge kama fedha za benki. Mafua yamekwisha.

Nilikwenda. Ilinichukua wiki mbili kupanda boda, nakiri, na nilipofika Bilpam hawakuniruhusu kupita. Nilikaa kwa mama mmoja auzaye chai kando ya njia, nikatuma jina langu ndani. Nilidhani hatakuja. Alikuja, amenenepa kidogo, akasimama mbele yangu kama anayekaguliwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Nasikia nimekufa."

"Nani alikuambia?"

"Mkuu wangu. Aliniita ofisini akaniuliza kama nina taarifa." Akavuta kigoda. "Sasa wenzangu wananiita Marehemu. Marehemu, lete maji. Marehemu, leo lindo ni lako, wewe hulali."

Mama wa chai alicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri, nimeyapanga usiku kwa mafungu kama ya somo, na yote yalipotea. Nikamwambia tu kwamba nilimruka nikijua, na kwamba walipokuja kumlilia niliwaacha walie. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema.

"Siku ya shangazi," akasema, "nilikimbia kutoka hapa. Sikupata gari. Nilikimbia na ile bunduki ili zile saa mbili zisiishie njiani."

"Sikulijua hilo."

"Hukuuliza."

Nikamwuliza kuhusu wimbo, kama ulivyoagiza. Akafikiri. Alisema ameusikia mara nyingi kuliko wewe uliyeutengeneza, kwa kuwa wenzake wanampigia makusudi. Alisema ni mzuri. "Mwambie Kiden arekodi vitu vyake. Mkiniingiza sasa nitaonekana nimebandikwa, kama kiraka. Wimbo uacheni." Kisha akaniuliza, "Sukari ya watu umeila?"

"Sijaigusa."

"Basi irudishe. Jumapili sina zamu. Nitakubebea."

Rambirambi hairudishwi kwa kumtuma mtu, hilo alilikumbuka yeye mwenyewe. Anayeipokea ndiye anayeirudisha, mlango kwa mlango. Jumapili alikuja na shati la maua ambalo lilimbana kifuani. Tukaanza baada ya ibada, watu wakiwa majumbani. Kila lango nilisema hivi: "Huyu ni mwanangu Yangi. Yu hai. Nilimruka kwa hasira, kisha nikawaacha mumlilie kwa aibu." Mlango wa kwanza sauti ilikatika. Wa tatu nikaona kwamba haitazoea, kwa hiyo nikaacha kungoja izoee.

Mzee wa mkongojo alimfinya Yangi mkono kwa nguvu, akasema, "Nyama ipo." Wengine walitukaribisha ndani na wengine hawakutukaribisha. Mama mmoja alichukua sukari yake bila kunijibu akafunga lango, na tukasikia akiwaambia wa ndani, "Mwalimu mzima!" Yangi alibeba mfuko, akanipa pakiti, akangoja. Sijui kama alikuwa akinisindikiza au akinisimamia.

Nilipomwalika aje ale kwangu alisema Yar anamngoja. Akapanda boda. Hajasema atarudi lini, nami sikuthubutu kumwuliza.

Imebaki pakiti ya Mama Poni. Yeye hakuwapo Yar alipokuja langoni. Aliondoka alfajiri ile ya siku ya pili kwenda kambi ya Adjumani, Uganda, na habari alizoondoka nazo ni zile nilizompa kwa kunyamaza. Keji anapiga simu kutoka huko akilia na kucheka pamoja. Wamekwisha kumfanyia Yangi ibada chini ya turubai, watu wa vijiji viwili. Keji amewaambia yu hai, hata amewasikilizisha sauti yake kwenye simu, nao wanamwambia sauti si kitu, simu ni simu, na Mwalimu mwenyewe alionekana ameketi mkekani. Wataamini wakiona nimekuja.

Yangi hawezi kwenda. Mwanajeshi havuki mpaka kwa hiari yake, na hata angeruhusiwa, wanaoishi kule ni wale wale waliopitia nyuma ya choo. Kwa hiyo nakwenda peke yangu, Alhamisi, kwa njia ya Nimule. Jana nilimpigia simu nimwulize kama ana neno la kupeleka. Nilisikia redio nyuma yake, na mtu akiita, "Marehemu!" Yeye akaniambia, "Usiwaambie mimi ni mtu mzuri. Hawatakubali. Waambie ni wako."

Rekodini nyimbo zenu. Pakiti ya Mama Poni nimeifunga ndani ya fulana na kuiweka katikati ya begi, isipasuke. Kuna watu wengi sana Adjumani, Kiden, na wengi niliwafundisha kusoma. Naogopa kuliko nilivyoogopa kuuvuka mpaka ule mara ya kwanza, nikiwa kijana, tukifuatwa nyuma.

Baba yako mkubwa,
Wani